Nilivyoibandua Sakafu ya Somoe

Ninyi mnaojifunza kupanga vigae, wengi wenu mmefundishwa kuweka tu. Kuweka kuna raha yake. Mwenye nyumba anakuletea chai, watoto wanachungulia mlangoni, na jioni ukishafuta vumbi kwa tambara la maji watu wanasimama kizingitini wakisema mashallah. Kubandua hakuna anayekufundisha, wala hakuna mashallah yake. Kuna vumbi, kuna vipande vinavyokata kama wembe, na kuna kujua alichokifanya fundi aliyekutangulia. Mimi nitawafundisha kubandua, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya mwisho, na fundi aliyenitangulia nilikuwa mimi mwenyewe.

Nimefanya kazi hii miaka zaidi ya thelathini, kuanzia Lindi mpaka Kilwa Masoko. Sasa magoti yamekataa. Nakaa hapa Mtanda katika nyumba niliyoijenga na marehemu mke wangu, Somoe. Shule niliishia darasa la saba kule Kilangala, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka huku na huku. Kupanga kwa uzi najua, kuandika kwa uzi sijui.

Aliyenifundisha alikuwa Mmwera mmoja mfupi, Mzee Likunja. Alikuwa na ufunguo wa kufuli lililopotea zamani, na kazi ya ufunguo ule ilikuwa moja tu. Ukimaliza chumba, anaingia, anachuchumaa, anagonga kila kigae na kusikiliza. Kigae kilicholala vizuri kwenye saruji hujibu kwa sauti kavu, fupi. Kilicho na uwazi chini yake hujibu kama debe.

Siku moja tulikuwa Kilwa Masoko, na mimi nilikuwa nataka kuwahi mpira. Ili nimalize haraka nikafanya ujanja ambao nina hakika na ninyi mnaujua: badala ya kutandaza saruji chini ya kigae chote, unaweka matonge matano, manne pembeni na moja katikati, unabandika, unagonga kwa nyundo ya mpira, unahamia kingine. Juu panaonekana pazuri sana. Mzee Likunja akaja na ufunguo wake, na mwenye nyumba yuko nyuma yake. Akagonga cha kwanza. Akagonga cha pili. Akainua kichwa.

"Humu chini anaishi nani?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, mzee."

"Yupo. Nimebisha hodi, kaitika."

Mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, maana nilibandua chumba kizima mchana ule, mpira nikausikia kwa kelele za watu barabarani. Lakini nilijifunza kitu. Vigae vile vilitoka kama maganda ya yai. Unaingiza ncha ya tindo pembeni, unainua kidogo, kinakuja kizima. Kazi mbaya hubanduka kwa urahisi. Likumbukeni hilo, kwa sababu kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kilichonikuta.

Sikuwahi tena kuweka matonge. Kuna mafundi hapa Lindi wamejenga jina kwa matonge, wakiulizwa kwa nini vigae vinapasuka wanasema nyumba imejengwa juu ya njia ya majini. Majini wa watu wamesingiziwa mengi.

Somo la pili la Mzee Likunja lilikuwa dukani. Tulikwenda kuchagua vigae vya ukumbi wa mtu. Mwenye duka akatoa vile vyeupe vya kung'aa, akavisimamisha vipande viwili mlangoni, jua likavipiga mpaka tukafumba macho. Mzee Likunja akavua kandambili zake, akaomba maji kwenye kikombe, akalaza kigae chini, akamwaga maji juu yake na mguuni kwake, akasimama kwa mguu mmoja huku ameshika bega langu.

"Mzee," mwenye duka akasema, "unanunua vigae au unatawadha?"

"Natawadha," akasema. "Si ndicho watakachofanya watu juu yake?"

Mguu ulimteleza, nikamdaka. Akavaa kandambili zake kama mtu aliyemaliza kutoa ushahidi. Njiani akaniambia maneno ambayo nimeyarudia kwa kila kijana aliyepita mikononi mwangu, na sasa nayarudia kwenu. "Vigae hivi vimetengenezwa na watu wanaoingia ndani na viatu vyao. Sisi viatu tunaviacha mlangoni. Tunaingia na miguu mitupu, na mara tano kwa siku inaingia ina maji. Kigae cha kung'aa mahali pake ni ukutani."

Basi kabla ya kununua, loweka mguu, simama. Usitumie mkono. Mkono utakwambia ni kizuri.

Mzee Likunja alifariki, Mungu amrehemu, na mimi nikabaki na ufunguo wake. Kugonga niliendelea. Ya mguu wa maji nilianza kuyalegeza. Watu walikuwa wanataka kung'aa. Ukimwambia mtu kwamba kile chenye kukwaruza ndicho kizuri kwa nyumba yake, anakutazama kama umemwambia aoe mwanamke mbaya kwa sababu ana tabia njema. Nikawa nasema mara moja, akikataa naweka.

Kule Mitole nilimwekea mkulima mmoja baraza zima la vigae vyeupe. Nilimwambia. Akasema, "Fundi, mimi nataka jirani akipita njiani aumie macho." Nikaweka. Siku ya kumaliza, mkewe akamwaga maji ya kudeki, na kuku wao mmoja akaona panzi au sijui nini upande wa pili, akakata mbio kupita barazani. Miguu ikaenda mmoja mashariki, mmoja magharibi. Kuku akakaa chini katikati ya baraza, mabawa yamefunguka, akakataa kabisa kuinuka. Bibi wa nyumba ile, mama yake mkulima, akasema, "Mwacheni, leo kavaa viatu vipya." Tulicheka sana. Nilicheka mpaka mwiko ukanidondoka. Hadithi ya kuku yule niliisimulia kwenye harusi, niliisimulia kwenye vijiwe vya kahawa, na niliisimulia kwa Somoe naye akacheka mpaka akashika mbavu.

Leo najua kuku yule alikuwa ananionyesha kitu, nami nilikuwa natazama kichekesho.

Sasa nyumba yangu. Muda wote ule ninaowaambia, mke wangu alikuwa anakaa kwenye sakafu ya saruji niliyoimwaga mwenyewe wakati tunahamia, yenye rangi nyekundu iliyokwisha kufutika. Nyumba zetu mnazijua: mlango wa mbele, ukumbi umepita katikati moja kwa moja, vyumba kulia na kushoto, na mwisho wa ukumbi mlango wa uani, ambako kuna bomba, jiko na choo. Somoe hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini wageni wakija kunisifu, alikuwa anatoka jikoni anasema, "Mfinyanzi hulia gaeni. Na mke wa fundi vigae anafagia vumbi." Wageni wanacheka, mimi nacheka. Nikijua analosema.

Binti yetu Zainabu alipokaribia kuolewa, nikaona aibu wakwe waje kukanyaga ile saruji. Nikamwambia Somoe, twende ukachague. Alivaa buibui lake jipya kwenda dukani. Akapita mbele ya vigae vyote, akasimama kwenye vile vyeupe vya kung'aa, akainama.

"Baba Zai," akasema, "najiona uso."

"Hivi vinateleza, mama Zai. Chukua hivi vya rangi ya mchanga, vina mikwaruzo."

"Mchanga mimi nimekaa juu yake miaka yote hiyo. Nataka hivi ninavyojionea uso."

Ningeweza kuomba maji kwenye kikombe. Duka lilikuwa lile lile, na mlango ule ule aliposimama Mzee Likunja kwa mguu mmoja. Nilifikiria, na nawaambia kweli kwamba nilifikiria. Nikaona nikivua viatu pale mbele ya mke wangu, na yeye amependa kitu mara moja tu katika maisha yake na mimi, nitakuwa nimemnyima. Nikasema haya. Vikapakiwa kwenye mkokoteni.

Nilimwambia basi mbele ya mlango wa uani niweke mstari mmoja wa vile vya mikwaruzo, upana wa hatua mbili, kwa ajili ya miguu inayotoka bombani. Akasema, "Usinitie kiraka kwenye nguo mpya." Nikasema haya kwa mara ya pili.

Sakafu ile niliiweka kwa siku tatu. Kwanza niliidonoa ile saruji ya zamani kwa tindo, matundu matundu, ili saruji mpya ipate pa kushika. Nilivilowesha vigae usiku kucha. Nilitandaza saruji kamili, hakuna uwazi hata wa kuingia sisimizi. Pimamaji niliiweka kila mahali. Nilipomaliza nikapita na ufunguo wa Mzee Likunja ukumbi mzima, na vyote vikajibu kavu, fupi. Ni kazi bora kuliko zote nilizopata kufanya, na yeyote aliyeiona atawaambia hivyo.

Mbele ya mlango wa uani tukaweka gunia. Gunia la katani, lililokunjwa mara mbili. Somoe akitoka bombani na udhu wake anakanyaga gunia, anafuta nyayo, anaingia chumbani kwenye mswala wake. Miaka mingi ilikuwa hivyo. Gunia lile ndilo lilikuwa limeshika roho ya mtu, na sisi tuliliona ni gunia tu.

Siku moja, baada ya mimi kuacha kazi, jirani yetu Bi Fatu aliniomba nikamwangalie kigae kimoja cha jikoni kwake kilichoinuka. Magoti yangu hayawezi tena sakafu tupu. Nikatafuta kitu cha kupigia magoti, nikaona gunia, nikalichukua nikaondoka nalo. Somoe alikuwa amejilaza chumbani. Sikumwambia. Ni hatua thelathini kutoka kwangu kwenda kwa Bi Fatu, nilijua nitarudi sasa hivi.

Adhana ya alasiri ilinikuta bado nimepiga magoti jikoni kwa watu. Bi Fatu alikuwa nje anaanua nguo. Akaingia bila kandambili.

"Fundi, njoo kwako. Mama Zai kaanguka."

Nilimkuta ukumbini, chali, miguu kwenye mlango wa uani. Alikuwa anavuta kanga kufunika mguu, na alikuwa anacheka kidogo, kicheko cha kuona haya.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nimekuwa kuku wa Mitole. Nipe mkono, niwahi alasiri."

Nikampa mkono. Hakuweza. Nikamshika kwapani pamoja na Bi Fatu, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata alipojifungua. Tukamwacha alivyo mpaka ipatikane gari. Udhu wake alikuwa nao bado. Akasali alasiri ile pale pale, chali, kwa kuashiria macho, juu ya vigae vyangu.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali tulikaa, tukarudishwa nyumbani, akawa mtu wa kulala. Kitanda tulikisogeza mlango wa chumba ukae wazi, apate hewa ya ukumbini. Alikuwa anaiona sakafu yake kutoka kitandani, na asubuhi ananiuliza, "Baba Zai, umedeki?" Nami nadeki. Najikokota na magoti yangu haya, nafuta kwa tambara, halafu napita na kitambaa kikavu mpaka ing'ae, kwa sababu ndicho alichoomba. Kila siku niling'arisha kile kilichomuua, na yeye anatazama anafurahi. Kifua kikaanza kumbana. Akafariki siku ya Jumanne, mchana.

Watu walikuja wengi. Kila aliyenishika mkono alisema ajali ni kazi ya Mungu, na mimi nikawa nasema ndiyo, aliteleza. Kwamba Mungu ndiye mwenye kuchukua, sina ubishi. Lakini gunia hakulichukua yeye.

Baada ya khitma ya arobaini nikatoa tindo langu.

Sasa sikilizeni, hii ndiyo kazi yenyewe. Vaa viatu vya kufunika vidole, maana kipande cha kigae hakijui kwamba wewe ni fundi. Funga mdomo na pua kwa kitambaa cha maji, vaa miwani. Nyunyiza maji sakafuni vumbi lilale. Kabla ya kupiga nyundo, kwangua ile saruji nyembamba ya kwenye mistari kwa kipande cha msumeno wa chuma, ili kigae kimoja kikipasuka kisimvute mwenzake. Halafu gonga, sikiliza, tafuta penye uwazi, anzia hapo. Tindo usilisimamishe kama unatoboa. Lilaze, liingie chini kwa ubavu, kama unavyokwangua ukoko wa wali bila kutoboa sufuria.

Ikiwa hakuna penye uwazi, itabidi kimoja ukitoe mhanga. Kifunike kwa tambara, kipige katikati mpaka kivunjike, toa vipande, upate mlango wa kuingilia.

Nilipita na ufunguo wa Mzee Likunja ukumbi mzima nikitafuta uwazi. Nilikuwa naomba kiwepo. Nilitamani ningekuwa fundi mbaya. Vyote vilijibu kavu, fupi, kama siku ya kwanza.

Nikakitoa mhanga kimoja karibu na mlango wa mbele. Siku ile nzima nilitoa vigae vitano, vyote vipande vipande. Bi Fatu alikuja akasimama kizingitini na kanga mdomoni.

"Fundi akikosa kazi huvunja ya kwake," akasema. Alikuwa ananitania ili nicheke. Aliponiona uso akaondoka.

Zainabu alikuwa bado yupo. Ameolewa Kilwa Masoko, lakini alikaa tangu ugonjwa wa mama yake mpaka arobaini. Siku ile alikuwa ametoka, na aliporudi alinikuta kwenye vumbi.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nabandua."

"Kwa nini? Nani kakwambia?"

"Nataka nimwage saruji."

Akavua kandambili nje kama kawaida, akaingia na miguu mitupu, nikamwambia vaa, kuna vipande. Hakuvaa. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akaweka kiganja juu ya kigae nilichokuwa nakilenga.

"Baba, usivunje. Nakuomba. Nguo zake tumegawa, kitanda kimetolewa. Hii ndiyo imebaki. Kila mgeni akija mama alikuwa anasema, hii kaniwekea baba Zai. Ukivunja hii, kutabaki nini?"

Vijana wangu, kulikuwa na njia rahisi. Ningesema ninaogopa na wewe usiteleze, ningesema magoti, ningesema lolote, angelia na kuniachia. Au ningeweka tindo chini, sakafu ikabaki, na yeye akaipenda mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini mtu hawezi kumwachia mwanawe kitu kile akipende bila kumwambia ni kitu gani.

Nikamwambia. Nikamwambia habari za Mzee Likunja na kikombe cha maji. Nikamwambia dukani, na mstari wa mikwaruzo mbele ya mlango wa uani, na kwamba nilisema haya mara mbili. Alinisikiliza kiganja kikiwa pale pale.

"Ulijua?" akasema.

"Nilijua."

"Ulijua wakati ule, au ulikuja kujua baadaye, alipoanguka?"

"Dukani nilijua. Kabla havijapakiwa."

Akatazama mlango wa uani. Halafu akasema, "Lakini kulikuwa na gunia. Mama hakuwa anapita bila gunia. Mimi nilifikiri alilifua, akalianika."

"Hakulifua."

"Lilikuwa wapi?"

"Chini ya magoti yangu. Kwa Bi Fatu."

Aliondoa kiganja. Kilikuwa kimeacha alama kwenye vumbi, vidole vitano.

"Siku arobaini," akasema, "watu wanaingia humu wanakwambia kazi ya Mungu, na wewe unaitikia."

"Nilikuwa naitikia."

"Hata mimi ulikuwa unaniitikia."

"Hata wewe, mwanangu."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliinuka, akafuta mkono kwenye kanga, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba kwa nje kwenda uani, nikamsikia anafungua bomba na kulifunga. Chakula alipika, akanipa, kwa heshima ile ile. Asubuhi alikuwa amefunga begi.

"Shikamoo, baba. Mimi nakwenda stendi."

"Marahaba. Ufike salama."

"Amina."

Nilirudi kwenye sakafu. Niliiweka kwa siku tatu, na kuibandua ilinichukua siku kumi na moja. Mafundi wa sasa wana mashine ya umeme ya kuvunjia, angeweza kuja mmoja akamaliza kabla ya adhuhuri, na wawili walijitolea. Nilikataa. Sitaki mfikiri nilikuwa najiadhibu ili nipate thawabu, hapana. Niliona tu kwamba si kazi ya mtu mwingine.

Kigae alichoangukia nilikiacha mpaka mwisho. Kilikuwa kigumu kuliko vyote. Nilipiga, tindo likaruka, nikapiga, likaruka. Kilitoka kwa vipande vya ukubwa wa kucha. Na chini yake, kwenye saruji ya zamani ya rangi nyekundu, nikayakuta matundu ya tindo langu mwenyewe, yale niliyoyadonoa ili pashike vizuri. Yalikuwa mapya kama ya jana. Nilikaa nikayatazama. Nilikuwa nimehakikisha, tundu kwa tundu, kwamba sakafu ile haitanitoka.

Kifusi msikimwage penye watoto. Nilikipeleka kwenye korongo lililokatwa na mvua nyuma ya nyumba, nikafukia kwa udongo. Halafu nikamwaga saruji mpya ukumbini, na kabla haijakauka nikaichana kwa ufagio wa chelewa toka mlango wa mbele mpaka wa uani, ipate mikwaruzo. Fanyeni hivyo hivyo popote penye miguu ya maji. Haigharimu kitu. Ni ufagio tu.

Baada ya kukauka nikatia udhu bombani, nikaingia na miguu inachuruzika, nikasimama pale alipoangukia, mguu mmoja, nimeshika ukuta. Haukuteleza. Mzee Likunja angeridhika. Nikasimama hivyo mpaka maji yakakauka, maana sikujua niende wapi.

Nyumba tatu za hapa Mtanda nimekwenda kuwaambia wabandue nilivyowawekea, au waweke mikeka ya kukwaruza penye maji. Wa kwanza alisema atafikiria. Wa pili alimwita mkewe aje asikie, wakacheka. Wa tatu alinishika bega akasema, "Fundi, pole na msiba. Lakini kama unatafuta kazi sema, usitishe watu." Vigae vyote vipo, vinang'aa. Nikipita njiani naviona vinaniumiza macho, kama yule wa Mitole alivyotaka. Za Mitole na Kilwa sijakwenda. Nauli ninayo. Nachoka kabla sijaondoka.

Zainabu hunipigia simu kila Ijumaa. Ananiuliza afya, ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula. Idi iliyopita alikuja, amebeba mkate wa kumimina na kitambaa cha kanzu yangu. Alinisalimia pale barazani, tukakaa, tukazungumza habari za mumewe na mvua. Alipotaka kwenda uani kuosha mikono, akainuka, akashuka barazani, akaanza kuzunguka nyumba kwa nje.

"Pita ndani, mwanangu," nikasema. "Haitelezi tena. Nimeichana."

"Najua, baba," akasema.

Akazunguka. Vyumba vyote vya nyumba hii vinafunguka ukumbini, kwa hiyo akija hulala kwa Bi Fatu.